Maiti Asiye na Watani

Mama yangu alikuwa na swali moja la asubuhi. Nikimpelekea uji barazani, kabla hajauonja, huniuliza: "Nikifa leo, utanipeleka kwetu au utanitupa huku?" Kisha anakunywa uji wote mpaka anakwangua bakuli, kwa hamu ya mtu ambaye hana mpango wowote wa kufa.

Kwetu ni Usukumani, upande wa Shinyanga. Huku ni Nachingwea, nilikoletwa nikiwa kijana kufundisha chuo cha ualimu, kwa barua iliyosema nitakaa miaka mitatu. Barua hiyo ninayo hadi leo. Sasa ni mwaka wa ishirini na nne, nina mke wa Kimwera, watoto wanne na mikorosho yangu mwenyewe, na mtaani wananiita "mgeni wetu" kwa upendo mkubwa. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe walinipa, nikalilimia mpaka likaisha, nikanunua jingine, na bado ni mgeni wao.

Baba alipofariki nilikwenda kumchukua mama. Hakutaka kuja, alikuja. Alimpenda mke wangu tangu siku ya kwanza, ingawa ndoa yetu ilifungwa bomani kwa sababu yeye ni Mwislamu na mimi Mkristo, na kwa njia hiyo tuliwaudhi wakwe wote sawasawa bila upendeleo. Alipenda mihogo ya huku. Alipenda hata joto. Ila kuzikwa huku alikataa kabisa.

Nilidhani ni mambo ya udongo wa mababu. Haikuwa hivyo. Sababu yake ilikuwa watani.

Kwa asiyejua, mazishi ya watu wetu hayatoshi kwa machozi peke yake. Lazima waje watani, yaani watu wa kabila ambalo babu zenu walipigana nalo zamani, au walisafiri nalo kibiashara, mpaka wakachoka kuuana wakakubaliana watukanane badala yake. Mtani akifika msibani anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anatangaza ubahili wake, anajilaza kaburini na hatoki mpaka apewe kuku. Wafiwa hawaruhusiwi kukasirika, na wakikasirika ndiyo anazidisha. Mmwera anao watani wake. Msukuma anao wake. Ila Msukuma na Mmwera hawakuwahi kupigana hata kofi moja, kwa kuwa umbali uliwanyima nafasi hiyo.

"Nitazikwa na watu wenye adabu," mama alisema, na machozi yalimlengalenga. "Watakuja na mikeka yao, watasema pole, pole sana, watakula wali, wataondoka. Kama wanazika karani wa posta."

Nilikuwa namjibu "tutaona, mayu", yaani mama kwa Kisukuma. Ni jibu la woga, najua. Kumsafirisha marehemu kutoka Nachingwea hadi Shinyanga ni safari ya siku mbili, na kumwondoa mama huku ni kuwaambia ndugu wa mke wangu kwamba makaburi yao hayatutoshi. Kumzika huku ni kumwambia mama kwamba sikumsikia. Nikaendelea kupika uji.

Wakati huohuo nchi ilikuwa inabadilika mbele ya macho yetu. Nilipofika, Msukuma wa Nachingwea nilikuwa mimi, na karani mmoja aliyehamishwa upesi. Miaka hii wafugaji wameshuka na ng'ombe wao mpaka Ruangwa yote. Sokoni unasikia Kisukuma kama uko Maswa. Kwenye duka la vyombo yupo Mchina anayejua kusema "bei ya mwisho hiyo, mama yangu". Upande wa Ruangwa kuna wazungu wanaotafuta kinywe, yale madini meusi ya kutengenezea penseli na sijui betri, wanapita na magari yao meupe wakisalimia kila mti.

Ng'ombe ndio walioniponza. Ng'ombe akila ufuta wa mtu kule Mandawa, mimi nasalimiwa kwa baridi Nachingwea. Walimu wenzangu walikuwa wananiuliza ofisini: "Sasa nyie ng'ombe wenu mtawafanyaje?" Sina hata kuku. Mwaka huo kundi moja liliingia shamba la shemeji yangu kule Nkowe, likala ufuta uliokuwa umesimamishwa mafungu kusubiri kukung'utwa. Shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu wa shamba la tatu. Kwa miezi mitatu sauti hiyo haikuniita. Akipiga simu nikapokea mimi, alikuwa anasema, "Nipe mwenye simu," na simu ilikuwa yangu.

Basi katikati ya hayo mkuu wa chuo akaniita. Yeye ni mtu wa Kilimanjaro, ameamini maisha yake yote kwamba hakuna tatizo lisilotibika kwa kongamano. Akaniambia mahafali yanakuja, watakuja wageni wakubwa, hata wazungu wa madini wamealikwa, na mimi kama mwalimu wa sanaa niandae mchezo wa kuigiza.

"Uwe na maudhui ya mshikamano," alisema. "Wenyeji, wageni, rangi zote, makabila yote. Na usizidi dakika arobaini."

Nikaandika. Hadithi ilikuwa hivi: mfugaji wa Kisukuma anahamia kijijini, ng'ombe wake anakula ufuta wa mzee wa Kimwera, wanagombana. Mfugaji akienda kumtoa ng'ombe shambani anaumwa na nyoka. Yule mzee anampakia kwenye baiskeli, anamkimbiza zahanati, wanachelewa. Mfugaji anakufa. Mzee analia, mzungu wa madini anatoa sanda, wote wanaimba. Nililia mwenyewe nikiandika, jambo ambalo lingepaswa kunitahadharisha.

Kugawa nafasi kulikuwa vita. Wanachuo watatu tu walikuwa wenyeji wa huku, na wote watatu walitaka kuwa mzungu, kwa sababu mzungu alikuwa anakaa kwenye kiti na kunywa soda ya kweli. Nafasi ya mzee wa Kimwera ikaenda kwa kijana wa Bukoba aliyekuwa na miezi minane kusini na bado anaogopa ng'e. Nafasi ya Msukuma ikachukuliwa na Mmakonde wa Newala, mrefu, mtaratibu, hajawahi kugusa ng'ombe aliye hai. Ng'ombe wenyewe walikuwa wanachuo wawili chini ya blanketi la bweni, na pembe za bomba la maji.

Yule Mmakonde akaja kuniuliza: "Ticha, Msukuma anatembeaje?"

Nikasimama nimwonyeshe. Nikapiga hatua tatu nikakwama. Nilikuwa nimesahau. Miaka ishirini na miwili ya kutembea kama mtu mwenye adabu ilikuwa imenifuta. Niliona aibu, nikamwambia aje nyumbani kwa mama.

Mama alimfundisha siku tisa. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake barazani, kijana anazunguka uwanja akiwa na fimbo mabegani, mikono imening'inizwa juu yake. "Punguza mwendo. Huna basi la kuwahi. Wewe unatembea kama mtu aliyeona polisi." Akamfundisha kupiga mluzi wa kumrudisha ng'ombe. Akampa kofia ya pama ya marehemu baba na katambuga, vile viatu vya matairi, ambavyo alikuwa amevificha kwenye sanduku nami sijui. Siku ya tisa kijana alipita mbele yetu na mama hakumsahihisha. Halafu akasema, "Huyo sasa ana ng'ombe."

Siku ya mahafali tuliigiza ukumbini chuoni, na mambo yalikwenda kama ofisi inavyopenda. Shida ilikuwa mzungu. Mwanachuo aliyeshinda nafasi ile ndiye mweusi kuliko wote chuoni, na alikataa katakata kuvaa kofia tu tukamwamini. Alitaka rangi. Akaenda jikoni akajipaka unga wa ngano. Ukumbi ule hauna feni, na mchana wa Nachingwea chini ya bati hauhitaji maelezo. Onyesho la kwanza alikuwa mweupe. La pili akaanza kutoa jasho. La tatu uso wake ulikuwa umekandika, unga umekuwa donge, na kila akitabasamu kipande kinadondoka kwenye soda.

Mstari wa mbele alikuwa amekaa mzungu wa kweli wa madini. Alimtazama kwa huruma nyingi, halafu akamwinamia mkalimani akamnong'oneza. Mkalimani akaja kuniuliza pembeni: "Mgeni anauliza, huyu bwana kwenye mchezo anaumwa nini?"

"Mwambie ni yeye," nikasema.

Sijui mkalimani alitafsiri vipi. Mzungu alipiga makofi kwa muda mrefu kuliko wote. Mgeni wa heshima akasimama akampongeza kijana wa Bukoba kwa jinsi anavyojua mila za Kimwera tangu utotoni. Wamwera wa kweli walikuwa nje wanapakua wali.

Kwa mafanikio hayo tukaombwa tupeleke mchezo vijijini, kwenye sehemu zenye ugomvi wa wakulima na wafugaji. Orodha ikaja, na kijiji cha kwanza kilikuwa Nkowe. Nikamwambia mkuu wa chuo kwamba naumwa. Akaniambia nitaugulia njiani.

Mama akasema anakwenda. Nikamwambia ni mbali, vumbi, Fuso halina viti. Akasema mwanafunzi wake anaigiza, na mcheza kwao hutunzwa, sasa huyo ambaye si kwao nani atamtunza? Tukampandisha mbele kwa dereva, na mimi nikabanana naye hapo, na wanachuo nyuma wakiimba mpaka Ruangwa.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Wakulima upande huu na mitandio na baiskeli zao, wafugaji wachache upande ule na fimbo zao, katikati nafasi ya kupitisha trekta. Shemeji nilimwona mara moja. Alikuwa mbele kabisa, mikono kifuani, na aliniangalia kama fomu iliyojazwa vibaya. Mama tulimweka kwenye kiti cha plastiki karibu na jukwaa, ambalo lilikuwa mikeka tu juu ya mchanga.

Mchezo ukaanza. Kwa ajili ya uhalisia, msimamizi wa vifaa alikuwa ameomba fungu la ufuta kwa mkulima wa pale, akalisimamisha jukwaani. Ng'ombe akaingia. Nusu ya mbele ikainamisha pembe za bomba na kuanza kuula ufuta, kama tulivyofanya mazoezi. Mzee mmoja wa kofia ya kiua akainuka mstari wa tatu, akapita katikati ya watu akiomba radhi kwa kila mmoja, akafika kwenye mikeka, akamtandika ng'ombe bakora mbili za mgongoni.

Nusu ya nyuma ilisema "Mama nakufa!" ikachomoka kwenye blanketi ikakimbilia darasa la nne. Nusu ya mbele ikabaki imeinama, haijui la kufanya, ikaendelea kutafuna.

Tulimrudisha mzee kwa upole. Aliniambia hana ugomvi na mtu. "Nilijua ni wanachuo, mwalimu. Lakini ufuta ni ufuta kweli."

Tukaendelea na ng'ombe wa miguu miwili. Nyoka akauma, baiskeli ikakimbia, mfugaji akafa. Kijana wangu wa Kimakonde akalazwa mkekani, akafunikwa shuka, kofia ya baba na fimbo kando yake. Mzee wetu wa Bukoba akapiga magoti akaanza hotuba yangu ya majonzi, ile niliyoiandika nikilia. Nilingoja watu walie. Hawakulia. Walianza kuangaliana.

Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma: "Sasa watani wa maiti wako wapi?"

Kijana wa Bukoba akasita. Akanitazama. Nilikuwa nimesimama pembeni na daftari la mchezo mkononi, nikatikisa kichwa, maana yake asijibu, aendelee na maneno yake. Yeye akaelewa vingine. Akawageukia watu, akasema kwa huzuni ya kweli: "Marehemu hana watani."

Uwanja mzima uliguna. Wanawake wakashika videvu. Mtu mzima, ana ng'ombe, ana kofia nzuri, amekufa na hana hata mmoja wa kumtukana! Nikamwangalia mama. Alikuwa amegeuka kwenye kiti cha plastiki, ananitazama mimi, si jukwaa, na sikuwa na pa kuweka uso wangu. Watani nilikuwa nimewaacha makusudi nilipoandika, kwa sababu watani hawaheshimu dakika arobaini. Nilikuwa nasikia swali la mama kila asubuhi, na nikaandika mazishi ya Msukuma aliyezikwa na wenye adabu, nikamleta ayaone.

Hapo shemeji akafungua mikono yake.

"Ntu nzima anakufa bila ntani?" alisema, na sidhani kama kuna shamba ambalo halikusikia. "Haiwezekani! Nkowe hii? Niacheni!"

Akapanda mkekani. Akachukua kofia ya baba akaivaa juu ya mtandio. Akamvua maiti katambuga, moja moja, akazivaa. Akaweka fimbo mabegani, akaning'iniza mikono, akaanza kutembea. Sijui alijifunzia wapi. Nadhani miezi mitatu ya kuwachukia wafugaji ilikuwa imempa muda wa kuwaangalia vizuri. Alikwenda taratibu, kichwa kimeinuka, akiangalia mbali kama anatafuta Mwanza. Wafugaji wa upande ule walikuwa wa kwanza kucheka.

Akamwendea nusu ng'ombe akambembeleza kwa maneno ambayo hajawahi kumwambia mumewe. Halafu akamgeukia maiti.

"Bahili wee! Ng'ombe mia, na sanda umenunuliwa na mzungu wa unga! Umekufa ili usilipe ufuta wangu, nakujua! Amka ulipe, ndipo ufe vizuri!" Akakaa juu ya tumbo lake, na nimeshasema ni mwanamke mnene.

"Mama, nabanwa," maiti akasema.

"Maiti hasemi. Halafu Msukuma hasemi mpaka ng'ombe wake aguswe. Mguse ng'ombe wake tuone!"

Watu walikuwa hoi. Mzungu wetu alicheka mpaka uso wote ukabanduka. Mimi nilikuwa nikimtazama mama tu, kwa sababu mama alikuwa anainuka. Nilikimbia nimshike. Nilijua nini kinakuja, atasema twende nyumbani, twende Shinyanga, leo leo. Akanisukuma kwa kiwiko. Akasimama kwenye ncha ya mkeka, akamnyooshea shemeji kidole.

"Nyie Wamwera!" alisema kwa Kiswahili chake chenye milima. "Nyie mnaolala chini ya mkorosho mkisubiri chakula kidondoke! Korosho ikichelewa, mnamlaumu ng'ombe!"

Hata nusu ng'ombe aliacha kutafuna. Nilihesabu ndani ya kichwa changu miaka yote ya kusalimia vizuri, kuhudhuria kila msiba, kuvua viatu kila kizingiti, nikaona inateketea.

Shemeji akapiga kigelegele kirefu kilichomwinua juu ya tumbo la maiti. "Kumbe yupo! Kumbe ntani yupo na wamemficha nnyumba!" Akaja mbio, akasimama mbele ya mama, kofia imeinama. "Bibi we! Ng'ombe unamjua kwa jina, wajukuu unawaita 'nyie'! Ng'ombe wenu wamekula ufuta wangu!"

"Na ng'ombe wetu ameendesha siku nne kwa ufuta wako! Tunadai dawa!"

Sitaweza kueleza kelele zilizofuata. Mzee wa bakora alikuwa amekaa chini kabisa, anapiga mchanga kwa kiganja. Mfugaji mmoja alivuka ile nafasi ya trekta kuja kusikia vizuri, na wengine wakamfuata, na baada ya muda sikuona tena nafasi yoyote katikati. Maiti alitoroka kwa kutambaa. Mchezo wangu haukuisha, mpaka leo haujaisha, kwa sababu wimbo wa mshikamano hakuna aliyeukumbuka. Mama alirudi kwenye gari akiwa amebeba kuku aliyemnyang'anya shemeji, na shemeji akiwa amebaki na kofia ya baba.

Tulipotoka Nkowe mama alisema, bila kunitazama: "Utanizika huku."

"Mama, ule ulikuwa mchezo tu."

"Na utani ni nini?"

Nikamweleza, kama mwalimu. Nikamwambia utani hauanzishwi alasiri moja uwanjani, ni jambo la mababu, unahitaji vita, unahitaji miaka mia. Alisikiliza yote kwa uvumilivu, kuku mapajani.

"Mimi sina miaka mia," akasema.

Tangu siku hiyo swali la asubuhi likakoma. Badala yake alikuwa anaomba simu yangu baada ya uji, anampigia shemeji, wanatukanana dakika kumi, anakata simu anacheka peke yake. Nilipaswa kufurahi. Nilikasirika. Miaka ishirini na miwili nimekuwa mtu mwema katika nchi hii, na mwanamke mmoja wa Kisukuma ameingia kwa tusi moja. Nilimwambia mke wangu hivyo. Akaniambia, "Tatizo lako wewe huna hata ubaya wa kutukania."

Mama alifariki mwaka uliofuata, wakati wa mvua, baada ya siku nne za homa ya mapafu. Nilikuwa nimemshika mkono na sikulia. Niliwapigia simu kaka zangu. Wakasema mlete. Nikasema anazikwa huku, alisema mwenyewe. Wakasema umemlisha nini. Tuligombana kwa simu usiku na mchana, kisha wakapanda basi, wakafika asubuhi ya mazishi wakiwa na suti na vumbi la siku mbili, wamenuna. Walimu wenzangu walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakisema pole, pole sana. Kila kitu kilikuwa na adabu. Nilisimama pale nikiwa mkavu, nafsi nzima imekauka, nikidhani labda ndivyo ilivyo.

Saa nne likafika gari kutoka Nkowe, limejaa wanawake. Hawakulia wala hawakutoa pole. Walipita moja kwa moja ndani, chumbani kwa mama, tukasikia masanduku yanafunguliwa.

"Hawa ni nani?" kaka yangu mkubwa akauliza.

"Watani zetu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, mwezi wa nane, mchana."

Shemeji akatoka. Alikuwa amevaa gauni la mama la buluu, sweta la mama, miwani ya mama, na ameinama upande wa kushoto kama mama alivyokuwa anainama nyonga ikimsumbua. Sikujua kwamba mtu mnene anaweza kuwa mwembamba. Akatembea polepole mpaka kwenye kiti cha barazani, akakaa kwa vipande viwili, kwanza nyonga, halafu mwili mwingine. Waombolezaji wakaanza kucheka, halafu wakaacha. Akawakagua kaka zangu mmoja mmoja, kuanzia viatu. Halafu akaniangalia mimi juu ya miwani.

"Na wewe umesimama hapo kama nguzo ya umeme," alisema, na Kiswahili chake kilikuwa na milima. "Kaka zako wamekuja na vumbi lote hilo, hujawapa hata maji ya kunawa. Nilikuzaa au nilikuokota?"

"Naam, mayu," nikasema, nikaenda.

Nilichukua ndoo nyuma ya nyumba, nikaiweka bombani, nikafungulia maji. Nilikuwa nawaza ni taulo ipi safi. Ndoo ilikuwa imeshajaa na inamwagika ndipo nilipokumbuka kwamba mama yuko ndani ya jeneza sebuleni, na kwamba nimemwitikia. Nikakaa chini palepale kwenye tope, nikalia kwa sauti kubwa, kilio cha siku zote zile kwa mpigo mmoja, na maji yanamwagika miguuni.

Kutoka barazani sauti yake ikaita tena, inauliza kama nimekwenda kuchimba kisima.

"Nakuja, mayu," nikasema, nikafunga bomba, nikabeba ndoo.